Kaa Kwanza

Duka la Fundi lilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: huulizi bei ukiwa umesimama. Ukiingia ukasema, "Shikamoo Fundi, hili kochi bei gani?" alikuitikia marahaba, halafu akanyamaza kana kwamba hilo la pili hakulisikia. Ukirudia, alikunyooshea stepla ya mkononi kuelekea kochi lenyewe. "Kaa kwanza." Ukimwambia una haraka, alikujibu uende na haraka yako, urudi ukiwa peke yako.

Siku moja aliingia mama mmoja kutoka Mwigobero, ndoo ya dagaa mkononi, kanga imelowa mpaka magotini. Akakataa kabisa kukaa.

"Nitakunukishia kochi lako, Fundi."

"Kochi la Musoma likishindwa kuvumilia dagaa, nitamuuzia nani? Kaa mama."

Akakaa. Hakununua. Fundi alilifuta kochi kwa kitambaa chenye maji, wala hakuonyesha kusikitika.

Fundi amefariki. Nalisema mapema ili mwishoni asiwepo wa kuniuliza. Habari zilinikuta naosha vyombo, nikamalizia kuosha. Nilikaa nikisubiri machozi kama mtu anayesubiri umeme urudi, mwisho nikasahau kwamba nasubiri.

Na kwa kukaa, kwa kweli, sina mpinzani. Mimi ni mtu wa ndani. Nyumbani kwetu Buhare, ukinitafuta hupotei: kama sipo barazani nipo jikoni, kama sipo jikoni naumwa. Cheti changu cha kidato cha nne kimekaa kabatini muda mrefu kuliko mimi nilivyokaa darasani. Ndugu zangu wa kule rasini, ambao ni watu wa kuvua na kulima, wanasemaga mimi nikifika stendi ya mjini nahesabu nimesafiri. Fundi naye hakunionea huruma. Aliniita Bi Ndani.

"Bi Ndani, jua la leo umeliona?"

"Nimelisikia kwa majirani."

"Alhamdulillahi, habari zinakufikia."

Jinsi nilivyoingia kwenye biashara ya makochi ni hivi. Kuna mtu alimtengenezea Fundi websaiti, halafu akahamia mkoa mwingine. Kabla hajaondoka alinikabidhi nywila, kwa sababu tulikuwa tunapakana, na kwa sababu yeye pia alishaona kwamba mimi siendi popote. Nilikuwa na simu nzuri, nina bando, na nilishawahi kufuata mafunzo ya bure mtandaoni hadi karibu na mwisho. Kazi yangu ikawa kubadilisha picha, kujibu ujumbe, na kusoma takwimu: nani kafungua, katokea wapi, kaangalia nini, kaondoka saa ngapi. Fundi mwenyewe alikuwa na simu ya batani. Alisema kidole chake kimeshazoea misumari, kioo kitapasuka.

Kilichomvuruga ni neno moja. Kwenye takwimu zile, mtu anayefungua websaiti anaitwa mgeni. Siku ya kwanza nilipomwambia, "Fundi, leo tumepata wageni," aliweka nyundo chini akatazama mlangoni.

"Wako wapi?"

"Kwenye websaiti."

"Wamekuja, wameondoka, na hakuna aliyeniita?"

Nikamweleza kwamba hao si wageni wa kupikiwa. Akanisikiliza, kisha akauliza swali ambalo aliendelea kuniuliza kwa miaka: "Walikaa?"

Basi nikalazimika kumtafsiria kila kitu kwa lugha ya kochi. Aliyefungua ukurasa akatoka hapo hapo, huyo kasimama mlangoni. Aliyeangalia picha mbili tatu, huyo kachungulia sebule. Aliyesoma hadi chini, akabonyeza namba ya simu, huyo kakaa. Kila Jumamosi alinipigia, na sisi wawili tulikuwa tunafanya kikao kama kamati ya shule.

"Waliosimama mlangoni?"

"Wengi, Fundi."

"Tumewakosea nini?"

Hilo ndilo nililompendea, kama kupenda ni neno lake. Mafunzo yangu ya bure yalisema mgeni akiondoka upesi, utazame ukurasa una kasoro gani. Fundi alilisema kama mwenye nyumba aliyeona aibu. Tukatafuta kasoro. Tukakuta yule aliyetengeneza websaiti aliandika juu kabisa, kwa herufi kubwa, "Samani za Kisasa za Sebuleni." Nikaenda kwenye orodha ya maneno ambayo watu huandika wanapotafuta. Hakuna hata mmoja aliyetafuta samani. Waliandika "makochi". Waliandika "kochi la kona". Mmoja aliandika "kochi lisilobonyea".

"Huyo nampenda," alisema Fundi. "Huyo amewahi kukalia mbao."

Tukafuta samani, tukaweka makochi. Waliosimama mlangoni wakapungua. Halafu akataka picha zote zibadilishwe, pasiwe na kochi tupu. Kila kochi liwe na mtu aliyekaa. Tulimkalisha fundi saa wa jirani, tukamkalisha muuza kahawa na birika lake. Mimi nilikataa kupigwa picha, naye akasema ni hasara, kwa sababu katika mji mzima wa Musoma hakuna mtu mwenye uzoefu wa kukaa kunizidi.

Alikuwa na vita na vitambaa. Vile vya kufuma, vinavyotandikwa mgongoni na mikononi mwa kochi. Aliwahi kupeleka makochi Butiama, kwa mwalimu mstaafu, na wiki kadhaa baadaye akapita kusalimia. Akakuta makochi yamefunikwa vitambaa, juu ya vitambaa kuna nailoni, na mwalimu na mkewe wamekaa kwenye vigoda.

"Haya ni ya wageni," alisema mwalimu.

"Mimi ni nani?"

"Wewe ndiye uliyeyatengeneza."

Fundi alivitoa vitambaa kimoja kimoja, akavikunja vizuri, akampa mke wa mwalimu mkononi. "Kaeni," akasema. Mwalimu na mkewe wakakaa, wamebana magoti kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Fundi akaaga. Alipogeuka dirishani aliona mama wa watu anarudisha nailoni. Kisa hicho alikisimulia mara nyingi bila kucheka. Sisi ndio tuliocheka.

Ila ukienda kwake nyumbani hukuti kochi. Palikuwa na mkeka, viti vya plastiki, na redio. Na dukani, katika miaka yote niliyomjua, sikumwona hata mara moja amekalia kochi lake. Alikula chakula cha mchana amesimama, amelaza sahani kwenye rundo la sponji. Ukimuuliza alisema kochi la kuuza lina mwenyewe, ila hajafika bado.

Alikuwa na duka la pili Bunda, fremu moja si mbali na stendi. Lilisimamiwa na mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, mtu mcheshi aliyejua kuita wateja. Mkwe aliugua kidogo, akafa. Siku ya tatu baada ya kuzika, Fundi alikuwa dukani Musoma anavuta mikanda ya mpira kwenye fremu ya kochi. Nilikwenda kumpa pole (ndiyo, nilitoka nyumbani, iandikeni). Alipokea pole, akaniambia nishike upande ule wa mkanda. Nikashika. Tukavuta.

Binti akakaa eda pale pale Bunda. Eda ilipokwisha akafungua fremu mwenyewe, akakaa kwenye stuli nyuma ya rundo la mito, na hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu hakusema. Mteja aliingia, akatazama, akauliza, akajibiwa kwa kichwa, akatoka. Si kiburi. Kuna kitu kilikuwa kimezimwa ndani yake na hakuna aliyejua swichi iko wapi.

Mwenye fremu akaja na habari kwamba kuna muuza simu anaitaka. Fundi aseme kabla ya mwezi kwisha kama anaendelea au anaachia. Kama anaachia, binti aliyekuwa akilala chumba cha nyuma ya duka lile angekwenda kwa shemeji zake Butiama, waliosema kuna nafasi uani. Kwa baba yake Musoma chumba kilikuwa kimoja.

Mtu mwingine angekaa na mwanawe wakazungumza. Fundi alinipigia mimi.

"Bi Ndani, waulize wageni. Bunda wapo?"

Sasa hapa mnisikilize. Kwenye takwimu kuna sehemu inayoonyesha mgeni yuko mji gani. Kwa lugha yetu hiyo nilimwelezea kama "wanapokaa", nikaona nimetafsiri vizuri. Nikafungua. Dar es Salaam. Dar es Salaam. Wachache Mwanza. Dar es Salaam tena. Bunda hayupo hata wa kusingiziwa. Nyamuswa hayupo. Musoma yenyewe, ambako duka lipo, hakuna.

"Wanakaa Dar," nikamwambia.

"Wote?"

"Karibu wote."

"Lakini si uliniambia wanaandikaga 'makochi Bunda'?"

Ni kweli waliandika. Hilo lilipaswa kutushtua. Lakini Fundi alikuwa na majibu kuliko maswali: mtu yuko Dar, wazazi wako Bunda, amewajengea nyumba, anatafuta makochi ya kuweka. Nikaona ni akili. Kila familia ina mtu wa namna hiyo. Na wa Musoma? Hao ni majirani, watakuja kwa miguu. Tukaridhika. Watu wawili wazima, mmoja ana nyundo, mwingine ana bando.

Tukaanza kuwafuata watu wa Dar. Tangazo tulilolipia tukalielekeza Dar peke yake. Kwenye ukurasa tukaandika tunasafirisha popote. Fundi akashona kochi la rangi ya maziwa, ambalo Musoma halikai wiki bila kuwa rangi ya chai. Wageni walikuja, sikatai. Walisimama mlangoni kwa wingi ambao sijawahi kuuona. Nani wa Dar atasafirishiwa kochi kutoka Mara, wakati kila kona ya kwao kuna fundi?

"Hawakai," nilimwambia.

"Watakaa," akasema. Halafu siku ya pili akanituma Bunda nikapige picha makochi yaliyobaki, yauzwe kwa upesi, fremu ifungwe, maana Bunda wageni hawapo. Nilitafuta sababu ya kutokwenda. Nilikuwa nazo nyingi, lakini zote nilishazitumia.

Nilifika Bunda na vumbi la mwaka mzima, au ndivyo nilivyojisikia. Binti alinipokea mfuko, akanipa maji. Nikaanza kupiga picha.

"Kwa hiyo utakwenda Butiama?" nikamuuliza, kwa kuwa kunyamaza nako kuna mwisho.

"Wamesema kuna chumba uani."

"Unataka?"

Akafikiri. "Sitaki wala sikatai, dada. Niko tu."

Nilitafuta neno la kumtia moyo, nikakuta na mimi niko tu. Nikaendelea na picha.

Ndipo bodaboda ikasimama nje, akashuka mama mnene mwenye kitenge cha buluu, simu mkononi, anahema. Akaingia moja kwa moja, akatazama huku na huku, akasimama katikati ya duka.

"Hili la kijani liko wapi?" Akatugeuzia simu. Ilikuwa websaiti yetu. Muuza kahawa na birika lake, amekaa kwenye kochi la kijani.

Binti alimtazama. Basi mdomo wangu ukafanya kazi ambayo si yake. "Kaa kwanza, mama."

Mama akajitupa kwenye kochi la kona. Alitoka Nyamuswa. Aliiona linki kwenye grupu la kikoba, akafungua mara ya kwanza akaona tunasafirisha popote, akadhani ni watu wa mbali. Leo alikuwa stendi kwa shughuli nyingine, muuza matunda akamwonyesha kibao chetu. Alipokuwa akisimulia, mimi nilikuwa nimefungua takwimu ili niwe na mahali pa kutazama. Kuna sehemu inayoonyesha aliyemo kwenye websaiti wakati huo huo. Mgeni mmoja. Ukurasa wa kochi la kijani. Dar es Salaam.

Nikatazama simu. Nikamtazama mama.

"Samahani mama, unakaa wapi?"

"Si nimekwambia Nyamuswa? Karibu na mnada."

"Hebu funga huo ukurasa."

Akafunga. Baada ya muda kidogo mgeni wangu wa Dar akapotea. "Fungua." Akafungua. Dar es Salaam.

"Simu yako inasema unakaa Dar," nikamwambia.

"Ah! Labda yenyewe inakaa huko." Akaigeuza akaitazama mgongoni. "Mimi imeniacha hapa hapa na ng'ombe."

Mafunzo ya bure yalishalisema hilo, nikakumbuka baadaye, katika sehemu ile ya karibu na mwisho: mji unaoonyeshwa ni wa kukisia. Mtandao wa simu unatokezea mahali fulani kwenye dunia ya kompyuta, na mahali hapo ndipo unapoandikwa, hata kama mwenye simu yuko shambani. Watu wetu wote, wa Bunda, wa Musoma, wa Butiama, walikuwa wanatokezea Dar. Na mimi, ambaye ningejiona niko Dar tangu siku ya kwanza, nilikuwa nimejifuta kwenye hesabu ili kuchungulia kwangu kusihesabiwe kuwa mgeni. Hata kwenye takwimu sikutoka nyumbani.

Nikampigia Fundi palepale.

"Fundi, wageni wako huku."

"Huku wapi?"

"Bunda. Walikuwa Bunda siku zote. Dar ni mtandao tu."

Nikasikia stepla inapiga mara kadhaa. "Wamekaa?"

"Mmoja amekaa hapa mbele yangu. Anataka la kijani."

Stepla ikanyamaza. Sikusikia furaha, wala sikuitegemea. "Mpe binti simu," akasema. Binti akaweka simu sikioni, akasikiliza, akasema, "Ndiyo baba," akanirudishia. Alichoambiwa ni kwamba mwenye fremu ajibiwe tunaendelea. Binti akarudi kwenye stuli yake. Halafu akainuka tena, akamletea mama wa Nyamuswa maji.

Baada ya hapo tuliondoa Dar, tukaandika Bunda mjini kwa herufi kubwa, na karibu na stendi. Tukaweka kitufe cha kupiga simu, na namba ikawa ya binti, si ya Fundi. Hilo lilikuwa wazo la Fundi na nilimpinga. Nilisema binti hatapokea. Fundi akasema simu ikiita sana chumbani, mtu hupokea hata kwa hasira. Alipokea. Mtu wa kwanza kupiga, binti alimjibu kwa maneno mawili, aliyoyasikia nyumbani kwao tangu utotoni: "Kaa kwanza." Mteja akamwambia, "Dada, nikae wapi? Niko kwenye pikipiki!" Binti alinisimulia hilo mwenyewe, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, lakini alinipigia ili anisimulie.

Mara ya mwisho kumwona Fundi ilikuwa Bunda. Magoti yalikuwa yamemshinda, duka la Musoma alishalifunga, amehamia kwa binti. Nilikwenda, nikasafiri kabisa. Nilimkuta amesimama mlangoni kwa fimbo, anatazama kazi. Ndani binti alikuwa anavuta kitambaa kwenye kochi la kona, pini zimejaa mdomoni, wateja wawili wamekaa wanabishana kuhusu rangi.

"Bi Ndani," alisema Fundi. "Nani kakutoa?"

"Nimepotea njia."

"Tangu aje anasimama hapo," binti akasema baada ya kutema pini. "Anazuia watu. Baba, umesimama mlangoni kama mgeni. Kaa kwanza."

Nikangoja aseme kochi lina mwenyewe. Alitazama lile la kijani, ambalo binti alilishona upya mfano wa lile la mama wa Nyamuswa. Akaegemeza fimbo. Akakaa polepole, mkono mmoja kwenye mkono wa kochi, mpaka mgongo ukafika nyuma. Akajaribu kama linabonyea. Halikubonyea.

Binti alikuwa amemnunulia simu ya kioo. Aliitoa mfukoni, akaigusa kwa kidole kile cha misumari, taratibu, kama anayepapasa sponji. Nami nikatoa yangu, kwa mazoea. Mgeni mmoja. Ukurasa wa mwanzo. Dar es Salaam.

Nikamsogelea, nikamwonyesha. "Huyu ni wewe, Fundi. Wanasema siku hizi unakaa Dar."

Akatazama kioo changu, kisha chake, kisha changu tena.

"Amesimama mlangoni?"

"Hapana. Amekaa."

"Basi mwache akae," akasema, akafumba macho, simu ingali wazi mkononi.